Mmetupa Nomino, Vitenzi Viko Wapi?

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi. Nina ugomvi na watunga istilahi, nina ugomvi na wahariri wa habari, na nina ugomvi na wenzangu tunaoandika programu za kompyuta. Ugomvi wenyewe ni huu: kila sayansi inapoletwa kwenye Kiswahili, inaletwa ikiwa nomino tupu. Tunapewa jina la jambo, halafu kitenzi chake tunaachiwa tujitafutie. Tukikikosa, tunabandika neno "kufanya" mbele ya nomino na kujiona tumemaliza kazi.

Mmea unafanya usanisinuru. Daktari anafanya upasuaji. Serikali inafanya zoezi la upandaji wa miti. Kila mtu anafanya, lakini hakuna anayepasua na hakuna anayepanda!

Kuna watakaosema haya ni mambo ya walimu wa sarufi, mtu wa kompyuta anatafuta nini humo. Ndugu msomaji, mimi naandika nikiwa Mai Mahiu, chini ya mteremko wa Kijabe, kati ya Longonot na Suswa. Hapa swali la kitenzi kipi kinafaa kwa nomino ya kisayansi limetujia mara mbili ndani ya miaka 6, na mara ya pili lilitujia na msiba. Nitafika huko. Kwanza tuangalie wenzetu wanafanyaje.

Kiingereza kina "erosion" na kando yake kina "erode". Kina "photosynthesis" na kina "photosynthesize". Usidhani maneno hayo huzaliwa pacha. Madaktari walikuwa na nomino "diagnosis" kwa muda mrefu, mpaka karne ya 19 watu walipoikata mkia wakapata kitenzi "diagnose". Neno "laser" ndilo linalonifurahisha zaidi. Hilo hata si neno la kawaida, ni herufi za mwanzo za maneno kadhaa zilizounganishwa. Lakini kwa kuwa linaishia na sauti inayofanana na ya mtendaji kama "writer" au "driver", wanafizikia wa miaka ya 1960 waliivua ile r ya mwisho wakapata kitenzi "lase". Ukiwauliza wanasarufi watakwambia si halali. Ukiwauliza wanafizikia watakwambia kinafanya kazi. Hawakungoja kamati ikae.

Hata hivyo Kiingereza nacho kina mashimo. Nomino "mitosis" haina kitenzi kinachotumika, kwa hiyo seli ya Mwingereza inabidi "ipitie" mitosisi kama mtu anayepitia dukani. Ya kwetu inajigawa. Neno moja, na mtendaji yumo ndani pamoja na mtendwa! Sasa niambie ni lugha ipi maskini hapo.

Kusema kweli, Kiswahili kina mtambo wa vitenzi ambao Kiingereza hakina. Chukua neno "momonyoka". Ardhi inamomonyoka: tunaona jambo lenyewe. Mvua inaimomonyoa ardhi: sasa tunamwona anayetenda. Ardhi imemomonyolewa: tunajua yupo aliyetenda, hata kama hajatajwa. Mmomonyoko: hilo ndilo jina la jambo zima. Ukitaka kurudi kwenye kitenzi, ondoa m ya mwanzo, geuza o ya mwisho iwe a, umefika. Jaribu na maneno mengine. Mlipuko, lipuka. Mpasuko, pasuka. Mporomoko, poromoka. Mtiririko, tiririka. Mafuriko na tetemeko yanafuata njia ileile, ila mwanzo wake ni tofauti kidogo. Nimeandika programu ya mistari michache inayofanya kazi hii, na maneno yote niliyoyataja inayageuza bila kukosea.

Yaangalie tena maneno hayo. Hiyo ni jiolojia ya Bonde la Ufa karibu nzima, na yote yamesimama juu ya vitenzi ambavyo bibi yako anavitumia shambani na jikoni. Mtu ambaye hajaingia darasani akisikia "mmomonyoko" kwa mara ya kwanza anaelewa, kwa sababu kitenzi anacho tayari. Zipo pia istilahi za kisasa zilizotungwa kwa akili hii. Chavua ni ule unga wa ua, nyuki anachavusha, kazi yake inaitwa uchavushaji. Rutuba, rutubisha, urutubishaji. Hapo watunga istilahi nawavulia kofia.

Tatizo ni pale nomino inapotungwa ofisini bila mtu kuuliza itasemwaje shambani. Tulitazame neno "usanisinuru", jina tulilopewa kwa ile kazi ya majani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ndani yake mna kitenzi "sanisi", yaani kuunganisha vitu vidogo hadi kupata kitu kingine, kisha "nuru". Lakini Kiswahili kikibandika nomino nyuma ya kitenzi ndani ya neno moja, kwa kawaida nomino hiyo ndiyo inayotendwa. Kipimajoto kinapima joto. Kinasasauti kinanasa sauti. Kifunguakinywa kinafungua kinywa. Kwa kanuni hiyo, kiumbe anayefanya usanisinuru anatengeneza nuru. Huyo si mmea, ni kimulimuli! Mmea hautengenezi mwanga, unautumia mwanga kutengeneza sukari.

Kama aliyeitunga istilahi hiyo angelazimishwa kuandika sentensi moja tu yenye kitenzi, kasoro ingeonekana siku hiyohiyo. Sentensi iko hivi: mmea unasanisi sukari kwa nuru. Mtoto akiijua hiyo anajua nani anatenda, anatengeneza nini na kwa kutumia nini. Akikariri kwamba "mmea unafanya usanisinuru" hajui chochote, amejifunza kutamka tu. Mtihani atapita, lakini mmea bado hajauelewa.

Sasa turudi Mai Mahiu.

Mwaka 1893 mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory alifika katika bonde hili, na mwaka 1896 akatoa kitabu kilicholieneza jina lake la Kiingereza duniani. Neno aliloliweka katika jina hilo ni "rift". Kiswahili kikalifasiri kuwa ufa, nasi tukapata Bonde la Ufa. Kwa Kiingereza neno hilo ni nomino na ni kitenzi pia, kwa hiyo mwanajiolojia wao anasema kwa urahisi kwamba bara linafanya kitendo hicho. Sisi tumebaki na ufa, na ufa ni nomino ya zamani isiyo na kitenzi chake. Hakuna "kufa" wa namna hiyo, na nashukuru kwamba hakuna.

Basi Afrika inafanya nini hapa? Vitenzi vinavyogombea nafasi ni vingi, na kila kimoja kinasema jambo lake.

Kuna "pasuka". Sahani hupasuka, puto hupasuka. Ni jambo la ghafla, likitokea limekwisha. Bonde hili lina mamilioni ya miaka na bado kazi inaendelea.

Kuna "atuka". Udongo wa bwawa lililokauka huatuka, visigino huatuka. Ni jambo la juu juu, la ngozi.

Kuna "chanika". Nguo huchanika, na huchanika kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Hicho kina ukweli fulani, lakini nguo inaweza kuchanika bila kukonda kwanza.

Kuna "vutika". Ukivuta unga wa chapati uliokandwa, hauachani mara moja. Unavutika, unakonda katikati, pale palipokonda panadidimia, na mwisho kabisa ndipo unapokatika. Hicho ndicho kitenzi ninachokitetea. Bamba la Nubia upande wa magharibi na bamba la Somalia upande wa mashariki yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Ganda la dunia linavutika, linakonda, na sakafu inadidimia kati ya kingo mbili. Ukiteremka kwa matatu kutoka Rironi unaiona sakafu hiyo imetandazwa chini yako. Bonde la Ufa si shimo ambalo mtu anaweza kutumbukia. Ni sakafu iliyodidimia.

Tofauti hii ina maana gani kwa mtu anayelima maharagwe Suswa? Maana kubwa sana. Mwezi Machi 2018, baada ya mvua nyingi, ardhi ilifunguka karibu na Suswa, ufa mrefu na mpana ukaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Picha zikazunguka dunia nzima. Habari iliyoambatana nazo ilikuwa moja: Afrika inapasuka vipande viwili. Kitenzi ni kilekile cha sahani na puto. Mtu aliyesoma hivyo alikuwa na haki ya kuuliza kama atalala leo aamke kisiwani.

Wanajiolojia walibishana, wakiwemo Wakenya. Wengi walieleza kwamba chini kulikuwa na nyufa za kale zilizojazwa majivu ya volkano, udongo mwepesi usioshikana, na mvua ndiyo iliyoyazoa majivu hayo. Kwa kitenzi sahihi, ardhi ile haikupasuka siku ile. Ilimomonyoka, halafu ikabomoka. Sasa pima vitenzi hivyo viwili. Bara likipasuka, wewe na mimi hatuna la kufanya, tusubiri tu. Ardhi ikimomonyoka, kuna la kufanya kesho asubuhi: elekeza maji, panda majani, usijenge juu ya njia ya maji. Kitenzi cha kwanza kinatufanya watazamaji. Cha pili kinatupa jembe.

Mara ya pili ilikuwa alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024. Maji yalishuka kwa nguvu kutoka upande wa Old Kijabe yakabeba nyumba, magari, mawe na miti, na kijiji cha Kamuchiri kikasombwa watu wakiwa usingizini. Waliofariki walizidi 45. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa. Lilikuwa handaki la kupitishia maji chini ya tuta la reli. Handaki lilikuwa limeziba kwa vifusi, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka yakapata nguvu ya kutoka.

Kitenzi "pasuka" kikawa kimetuhudumia tena vibaya. Kwa sababu neno la siku ile ni "ziba", na "ziba" ina ukoo mkubwa katika Kiswahili. Handaki limeziba: hakuna wa kuulizwa. Handaki limezibwa: kuna kilicholiziba, tukitafute. Handaki lilikuwa linazibika kidogo kidogo: basi kulikuwa na muda wa kuona. Na hapo ndipo penye kitenzi muhimu kuliko vyote: handaki halikuzibuliwa. Neno moja tu, na ndani yake kuna swali ambalo hakuna nomino inayoweza kuliuliza. Halikuzibuliwa na nani? Kazi ya kuzibua ni ya nani? Katika nchi hii yenye maelfu ya makalvati chini ya barabara na reli, nani anayazibua kabla ya mvua ya Machi?

Andika "kuziba kwa handaki kulisababisha kutokea kwa mafuriko" uone jinsi swali lilivyotoweka. Sentensi imesimama vizuri, imevaa suti, na haina mtu hata mmoja ndani yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu ilikuwa kinyume: usipozibua handaki utachimba makaburi.

Sasa tuje kwenye kazi yetu sisi watu wa kompyuta, maana lawama si za wengine tu. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160 ukiandikwa kwa herufi za kawaida kama zetu. Tazama tahadhari ya namna hii, nimeitunga kwa mtindo unaotumika kila msimu wa mvua:

"Kuna uwezekano wa kutokea kwa maporomoko ya ardhi na ongezeko la kiwango cha maji katika maeneo ya miteremko kutokana na kuendelea kunyesha kwa mvua kubwa. Wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari."

Hesabu: herufi 197 pamoja na nafasi. Haitoshi kwenye ujumbe mmoja, inakatwa vipande viwili, na ushauri wenyewe uko kwenye kipande cha pili. Mtandao ukisumbua usiku wa mvua, unaweza kupata kipande cha sababu ukakosa cha kukuokoa. Na hata ukikipata, "kuchukua tahadhari" maana yake nini? Niichukulie wapi?

Sasa ujumbe wa vitenzi:

"Mlima unaweza kuporomoka usiku huu. Maji yanapanda. Ukiishi karibu na mto au mtaro, ondoka sasa uende mahali pa juu. Usivuke maji."

Herufi 130. Unaingia kwenye ujumbe mmoja na nafasi inabaki ya kuandika jina la kijiji. Mtoto wa darasa la 3 anaweza kumsomea nyanya yake, na nyanya akajua la kufanya. Yule wa kwanza anayeuelewa ni aliyeuandika.

Ajabu ni kwamba sisi watengenezaji wa programu tulikuwa tumeonyesha njia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi za namna hiyo zina ugumu mmoja wenye baraka: kitufe ni amri, na amri ni kitenzi. Huwezi kumwekea mtu kitufe kilichoandikwa "kufanyika kwa uhifadhi". Ndiyo maana leo tuna hifadhi, futa, nakili, bandika, bofya. Na tuna "pakua", kitenzi cha jikoni, cha kutoa chakula chunguni, ambacho sasa kinatoa faili kwenye intaneti. Hakikuhitaji maelezo. Vijana nao hawana subira na nomino. Walipopata simu walianza mara moja kubipu na kuflashi, na Google ilipokuja wakagugo. Unaweza kuwacheka, lakini wanajua lugha inavyotembea: jambo lisilo na kitenzi halijaingia mdomoni.

Najua pingamizi litakalokuja. Litasema sayansi inahitaji nomino ili ipange vitu, ivipe majina na kuviainisha. Sikatai. Siwaambii watu waifute nomino "mmomonyoko". Ninachosema ni kwamba nomino bila kitenzi ni gari bila injini: unaweza kulipaka rangi, unaweza kulipiga picha, lakini Naivasha hulifikishi.

Kwa hiyo nina madai matatu, na ninayaweka hapa hadharani.

1. Watunga istilahi: kila nomino ya kisayansi mnayoitoa, itoeni na kitenzi chake na sentensi moja inayokitumia. Istilahi isiyoweza kuingia kwenye sentensi ya mkulima irudishwe kiwandani.

2. Wahariri: mkiona "kutokea kwa", "kufanyika kwa" au "zoezi la", simameni. Ulizeni nani alitenda, au nani hakutenda. Mara nyingi habari yenyewe imejificha hapo.

3. Waandishi wa programu: programu zetu za kutafuta zitafute kwa mzizi. Mtu anayeandika "shamba langu linamomonyoka" apate kila ukurasa ulioandikwa "mmomonyoko wa udongo", kwa maana ni neno lilelile likiwa limevaa kofia. Na jumbe za hatari ziandikwe kwa vitenzi, zipimwe herufi, zisomewe mtu mzima asiye na shahada kabla hazijatumwa kwa watu elfu.

Kuhusu ufa, mimi nimekwisha kusema yangu: Afrika inavutika. Mwenye kitenzi bora akilete, tukipime kama tulivyovipima vile vingine. Asilete nomino tu. Hizo tunazo za kutosha.